Sayari nane au tisa? Jinsi ya kumwongoza mtoto anayetafiti mfumo wa jua mtandaoni

MWANAFUNZI wa shule ya msingi akiingia mtandaoni na kuuliza sayari zinazolizunguka jua ni ngapi, huenda akapata majibu mawili. Kurasa nyingine zitamwambia ni tisa, nyingine nane. Zote zimeandikwa kwa lugha ya uhakika na zina picha za kuvutia.

Asipopata mtu wa kumfafanulia chanzo cha tofauti hiyo, atanakili jibu la kwanza aliloliona. Utafiti uliokusudiwa kumpanua mawazo hugeuka kuwa kazi ya kuhamisha maneno kutoka kwenye kioo cha tarakilishi hadi daftarini.

Tatizo lenyewe lina historia. Pluto iligunduliwa mwaka wa 1930 na Mmarekani Clyde Tombaugh, na jina lake likapendekezwa na msichana wa miaka 11 wa mji wa Oxford, Uingereza, Venetia Burney. Kwa zaidi ya miaka 70 ilihesabiwa kuwa sayari ya tisa.

Mnamo Agosti 24, 2006, wanafalaki wa mataifa mbalimbali waliokutana jijini Prague walipiga kura na kuamua kwamba sayari sharti itimize masharti matatu. Kwanza, ilizunguke jua. Pili, iwe na uzito wa kutosha kuifanya iwe na umbo la mviringo. Tatu, iwe imesafisha njia yake, yaani pasiwepo vitu vingine vya kiasi chake vinavyozagaa katika njia hiyo. Pluto ilitimiza masharti mawili ya kwanza ikashindwa na la tatu. Ikawekwa katika kundi la sayari kibete.

Hivyo basi, ukurasa ulioandikwa mwaka wa 2005 na kutaja sayari tisa haukudanganya. Umepitwa na wakati tu. Mwanafunzi anayefunzwa kutafuta tarehe ya ukurasa kabla ya kuuamini amepata jambo litakalomfaa hata katika masomo mengine.

Mfano wa pili ni miezi ya Zohali. Mnamo Machi 2025, miezi mipya 128 ya sayari hiyo ilitambuliwa rasmi na kufikisha jumla yake 274. Vitabu vilivyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutaja idadi isiyofika hata robo ya hiyo. Mwalimu anayesahihisha kwa kitabu cha zamani anaweza kumkosesha alama mtoto aliyesema kweli, na mtoto huyo asijue alikosea wapi.

Nchini Kenya suala hili lina uzito wa pekee. Serikali ilianza kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za umma mwaka wa 2016, na zaidi ya vifaa milioni moja vilitolewa. Mtaala wa Umilisi uliofuata umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa stadi saba za kimsingi ambazo kila mwanafunzi anapaswa kuwa nazo. Hata hivyo, kumpa mtoto kifaa ni jambo moja, na kumfunza kukitumia kutafuta ukweli ni jambo jingine.

Mbinu moja inayoweza kumsaidia mwalimu ilibuniwa mwaka wa 1995 na Bernie Dodge wa Chuo Kikuu cha San Diego State, Marekani. Inafahamika kama WebQuest. Badala ya kuwaachilia watoto wazurure mtandaoni, mwalimu huteua mapema kurasa chache alizozisoma mwenyewe, kisha huwapa kazi inayohitaji kufikiri. Muda wa kipindi, ambao kwa kawaida ni mfupi, hutumika kuyachambua maarifa badala ya kuyasaka.

Siri yote imo katika swali. Mwanafunzi akiambiwa "andika kuhusu Zuhura", atanakili aya nzima bila kuelewa hata neno moja. Lakini akiulizwa ni kwa nini Zuhura ina joto jingi kuliko Zebaki, ilhali Zebaki ndiyo iliyo karibu zaidi na jua, hatapata mahali pa kunakili kwa urahisi. Itambidi asome kuhusu sayari zote mbili na kuzilinganisha.

Atagundua kwamba joto la Zebaki hufika takriban nyuzi 430 za Selsiasi mchana na kushuka hadi nyuzi 180 chini ya sufuri usiku, kwa sababu haina hewa ya maana ya kulihifadhi. Zuhura nayo imefunikwa na hewa nzito ya kabonidayoksaidi inayonasa joto kama blanketi, na huwa na nyuzi zipatazo 465 usiku na mchana. Akiendelea kusoma atakutana na ajabu nyingine: Zuhura hujizungusha mara moja kwenye mhimili wake kwa siku 243 za dunia, ilhali hulizunguka jua kwa siku 225 pekee.

Majina ya Kiswahili huwatatiza walimu na wanafunzi kwa pamoja. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya tangu jadi yenye asili ya Kiarabu, na Utaridi katika Kiarabu ni sayari iliyo karibu zaidi na jua. Lakini baadhi ya orodha za msamiati zilizotumiwa shuleni zimeipa Pluto jina hilo la Utaridi, na sayari ya kwanza ikaitwa Zebaki, neno la madini ya majimaji ambayo kwa Kiingereza huitwa sawa na sayari hiyo. Neptuni nayo imeitwa Kausi, jina ambalo asili yake ni la kundi la nyota za Mpiga Upinde.

Mkanganyiko huo una sababu. Mabaharia na wanafalaki wa kale waliweza kuona sayari tano tu kwa macho. Uranusi iligunduliwa mwaka wa 1781 na Neptuni mwaka wa 1846, zote kwa darubini, kwa hivyo hapakuwa na majina ya kale ya kuzipa. Mwanafunzi anayesoma makala ya Wikipedia ya Kiswahili, kisha akafungua kitabu chake cha msamiati, ataona majina yakigongana. Ni heri mwalimu aandike ubaoni orodha moja ya majina, na mbele ya kila jina aandike umbali wa sayari kutoka kwa jua. Umbali haubishaniwi.

Picha za mtandaoni zina hatari yake pia. Nyingi huzionyesha sayari zikiwa zimejipanga karibu karibu, kana kwamba mtu angeweza kuruka kutoka moja hadi nyingine. Dawa yake ni kuwatoa wanafunzi darasani wakiwa na takwimu walizozipata wenyewe. Mita moja ikichukuliwa kuwa kilomita milioni 10, jua litakuwa na upana wa sentimita 14, sawa na balungi kubwa. Dunia, ambayo haitazidi punje ya wimbi, itakuwa mita 15 kutoka hapo. Mshtarii itakuwa kama gololi, umbali wa mita 78. Neptuni itawapeleka nje ya lango la shule, mita 450.

Uvumi nao hauwezi kupuuzwa. Mnamo Agosti 27, 2003, Mirihi ilikaribia dunia hadi umbali wa kilomita milioni 56 hivi, ikiwa karibu zaidi kuliko ilivyowahi kuwa kwa takriban miaka 60,000. Barua-pepe zikasambazwa zikidai kwamba ingeonekana kubwa kama mwezi. Madai yaleyale yamekuwa yakirudi kwa miaka mingi. Hata ilipokuwa karibu kiasi hicho, kwa macho matupu Mirihi ilibaki nukta nyekundu inayong'aa. Madai kama hayo yanafaa kuletwa darasani makusudi, wanafunzi wayapime kwa kutumia tarakimu za umbali na upana.

Zipo shule ambazo hazina umeme wa kutegemewa wala mtandao, na vishikwambi vimekaa kabatini. Huko mwalimu anaweza kuhifadhi kurasa kwenye kifaa kimoja akiwa mjini, au kutumia Kiwix, programu inayowezesha Wikipedia kusomwa bila mtandao. Tovuti ya Space Place ya shirika la NASA imeandikwa kwa ajili ya watoto, na kurasa zake zinaweza kuchapishwa. Programu ya Stellarium, ambayo haitozwi ada, huonyesha anga ya mahali popote kwa saa yoyote hata mtandao ukikatika.

Stellarium inafaa kwa kazi ya nyumbani. Mwanafunzi huitumia mchana kutabiri Mshtarii itakuwa upande gani wa mbingu jioni, kisha usiku hutoka nje na mzazi wake kuhakikisha. Kulitazama jua moja kwa moja, iwe kwa macho au kwa darubini, ni marufuku kwani huweza kupofusha.

Nyumba yenye darubini ndogo ya mkononi, kama zile wanazobeba watalii mbugani, itafaidika zaidi. Ikishikwa kwa utulivu au kuegemezwa ukutani, huonyesha vinukta vinne vya nuru vilivyojipanga kando ya Mshtarii. Hiyo ndiyo miezi aliyoiona Galileo mwaka wa 1610. Mtoto akivichora usiku nne mfululizo, atakuta vimebadilisha nafasi kila mara, kwa maana mwezi ulio ndani zaidi kati ya hiyo minne, Io, huizunguka sayari hiyo kwa muda wa saa 42 na nusu hivi.