Fahamu: Kwa nini jibu huja ukishaliacha swali

Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulisimama mwaka 1993 ukarudi kuzalisha zinki mwaka 2024. Wahandisi wake, swali likiwakwamisha, wana mwenzao wa zamani wa kujifunza kwake: Mfaransa Henri Poincaré, aliyeanza kazi migodini mwaka 1879 kabla ya kuvuma kwenye hisabati. Alisimulia kwamba suluhisho la swali lililomsumbua lilimjia ghafla akipanda basi la farasi mjini Coutances, mawazo yakiwa kwingine.

Si uchawi. Watafiti Sio na Ormerod, wakichambua tafiti nyingi mwaka 2009, walikuta mapumziko husaidia, hasa kwa aliyehangaika na swali kwanza. Mvivu, basi, asijipe moyo. Poincaré mwenyewe, aliporudi mjini Caen alikoishi, aliihakiki hesabu yake.