Mpira una dhahabu yake, Mara inapata nini?

Simba au Yanga wanapocheza, fedha za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huondoka kwa njia tatu. Ya kwanza ni kiingilio cha kibanda umiza, kwa kawaida Sh500 hadi Sh1,000, kuanzia Sirari mpakani hadi Nyamongo na Mugumu. Ya pili ni kifurushi cha king'amuzi. Ya tatu ni mkeka wa kubashiri, unaosukwa kwenye simu asubuhi na kuchanika kabla ya dakika ya 90. Kila moja ni fedha ndogo, lakini zikijumlishwa nchi nzima ndizo zinazofanya soka letu liwe bidhaa ya mabilioni.

Thamani ya bidhaa hiyo inajulikana. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) lilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, wastani wa Sh22.56 bilioni kwa mwaka. Mwaka uliofuata kampuni ya kubashiri ya M-Bet iliahidi Simba Sh26.1 bilioni kwa miaka mitano, na SportPesa ikaipa Yanga mkataba wa Sh12.3 bilioni kwa miaka mitatu. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kununua kila bao la timu hizo Afrika kwa Sh5 milioni.

Nguvu hiyo imeleta matunda. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba ikaifuata mwaka 2025. Mimi ni shabiki na nilizifurahia fainali zote mbili. Kinachoniuma ni mgawanyo.

Mishahara juu, madeni chini

Sehemu kubwa ya fedha hizo huishia kwenye usajili na mishahara. Kanuni zinaruhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wageni 12, na kila dirisha linapofunguliwa vigogo hushindana kupandisha dau. Mchezaji asilaumiwe kwa kupokea anachopewa, maana kazi yake ni ya miaka michache na goti moja linaweza kuifuta. Wa kuulizwa ni klabu zinazoahidi kuliko zinavyoweza kulipa. Aprili 2024 FIFA iliifungia Yanga kusajili kwa sababu ya dai la mchezaji wake wa zamani, Mzambia Lazarous Kambole. Ikiwa klabu yenye mashabiki na wadhamini wengi kiasi hicho inafikishwa FIFA kwa deni la mchezaji mmoja, klabu ndogo za mikoani ziko katika hatari kubwa zaidi.

Mkoa wa Mara unao mfano wake. Biashara United ya Musoma, iliyowahi kuitwa Polisi Mara, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 ilimaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam. Mechi ya marudiano haikuchezwa, kwa sababu timu ilikwama nchini kwa matatizo ya usafiri, na ushindi wa uwanjani ukapotea mezani. Msimu huohuo ilishuka daraja. Juni 2024 ilifika mechi za mtoano za kurudi Ligi Kuu, ikatolewa na Tabora United.

Kijana wa Tarime mwenye kipaji ameyaona yote hayo. Timu ya mkoa wake iliweza kumfunga Mwarabu, ikashindwa kumfuata kwake.

Barabara nayo ni sehemu ya uwanja

Kutoka Mara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300, na timu zisizo na fedha za ndege huzimaliza kwa basi. Julai 2021 basi la Polisi Tanzania lilipata ajali mkoani Kilimanjaro likitoka mazoezini, na mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilitumbukia mtoni mkoani Lindi, timu ikitoka Ruangwa kucheza na Namungo.

Marekani ilijifunza kwa farasi wa mashindano kwamba biashara ya mchezo lazima ilipie usalama wa wanaoucheza. Kati ya Desemba 2018 na Juni 2019, farasi 30 walikufa katika uwanja wa Santa Anita, California. Mashabiki waliokuwa wakiweka dau kila wiki walichukizwa, na mwaka 2020 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyounda mamlaka ya usalama wa mbio za farasi. Mamlaka hiyo huchangiwa na wenye biashara yenyewe, kwa hesabu inayotazama idadi ya farasi wanaoingia mbioni na zawadi zinazoshindaniwa. Vifo vinahesabiwa na kutangazwa. Mwaka 2009 walikufa farasi 2 katika kila 1,000 walioanza mbio. Mwaka 2024, kwenye viwanja vilivyo chini ya mamlaka hiyo, kiwango kilikuwa 0.90. Kama farasi amewekewa hesabu ya namna hiyo, mchezaji wa Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, anastahili zaidi.

Kanuni ya wakia

Watu wa Tarime hawahitaji kwenda California kuielewa kanuni hii. Mgodi wa North Mara, Nyamongo, uliweka utaratibu wa kutenga dola 6 kwa kila wakia ya dhahabu inayouzwa kwa ajili ya miradi ya jamii. Sheria ya Madini nayo, tangu marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wake wa mwaka. Utekelezaji umekuwa na malalamiko yake, lakini msingi ni sahihi: mali ikitoka, fungu linabaki, na kiwango chake kinajulikana mapema.

Soka ifuate njia hiyo. Asilimia 1 tu ya wastani wa fedha za Azam ni Sh225.6 milioni kwa mwaka. Fungu hilo likiongezewa asilimia 1 ya kila mkataba wa kampuni za kubashiri, litatosha kuanzisha mfuko wenye kazi tatu: ukaguzi wa mabasi ya timu, bima ya ajali kwa wachezaji hadi madaraja ya chini, na nauli ya dharura kwa klabu inayowakilisha nchi. Mahesabu yatangazwe kila msimu.

Mkataba wa Azam unaendelea hadi 2031, lakini mikataba ya kubashiri husainiwa upya kila baada ya miaka michache. TFF na Bodi ya Ligi wanaweza kuliweka sharti hilo kwenye kanuni kabla ya dirisha lijalo la usajili. Mwenye kibanda wa Mugumu ameshalipa sehemu yake.