Kabla ya kusema 'shetani alinipitia'

Mpendwa msomaji, fungua Biblia yako katika kitabu cha Mwanzo sura ya 6, usome mistari minne ya kwanza. Utakuta kwamba wana wa Mungu waliwaona binti za wanadamu kuwa wazuri, wakawaoa, na kwamba siku zile duniani walikuwapo Wanefili. Basi, habari inaishia hapo. Hao wana wa Mungu walikuwa akina nani? Wapo wanaofundisha kuwa ni malaika walioasi; wengine, akiwamo Mtakatifu Augustino, walisema ni uzao wa Sethi.

Ufupi huo umewavuta watunzi kwa zaidi ya miaka 2,000. Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodox la Ethiopia hukihesabu katika Biblia yake, kinasimulia malaika 200 waliokula kiapo, wakashuka Mlima Hermoni na kujitwalia wake. Azazeli akawafundisha watu kufua panga na ngao, na kupaka wanja. Watoto waliozaliwa wakawa majitu yaliyomaliza chakula cha watu, kisha yakawageukia watu wenyewe.

Mwaka 1823 mshairi wa Uingereza, Lord Byron, alichapisha tamthilia ambayo ndani yake malaika wawili wanaruka na wapenzi wao maji ya gharika yakiwa yanapanda. Mwaka 2014 ikaja filamu ya Noah, iliyoongozwa na Darren Aronofsky. Humo malaika wenye miili ya mawe wanamsaidia Nuhu kujenga safina.

Je, ni dhambi kusoma au kutazama hadithi hizi? La, ilimradi ujue kuwa ni hadithi. Hatari iko katika wazo moja linaloweza kutuliwaza: kwamba dunia iliharibiwa na wageni kutoka juu, na binadamu alichukuliwa tu na mkondo.

Wazo hilo tunalijua vizuri. Mtunza hazina wa kikundi anakula akiba ya wenzake, akibanwa anasema, "Shetani alinipitia." Mume anampiga mkewe, wazee wakikaa kikao anasema ni ibilisi tu. Adamu alimtupia lawama Hawa, Hawa akamtupia nyoka. Sisi tumerithi.

Sasa endelea hadi mstari wa 5. Mungu anapotazama dunia, hataji malaika wala Wanefili. Anaona uovu wa mwanadamu, na mawazo ya moyo wake yaliyo mabaya sikuzote. Mstari wa 11 unaongeza kuwa dunia ilijaa dhuluma. Na baada ya gharika, majitu yakiwa yamekwisha kuzama, Mwanzo 8:21 inasema moyo wa mwanadamu bado una mwelekeo ule ule tangu ujana wake. Sura inayofuata, Nuhu mwenyewe amelewa hemani. Maji yaliosha nchi, lakini hayakuosha moyo.

Hata Kitabu cha Henoko, chenye simulizi lote lile la malaika, katika sura ya 98 kinakiri kwamba dhambi haikutumwa duniani, bali wanadamu waliizua wenyewe.

Sisemi kwamba Shetani hayupo. Petro anatuonya tukeshe kwa sababu yake. Lakini Yakobo 1:14 inafundisha kuwa kila mtu hujaribiwa akivutwa na tamaa yake mwenyewe. Mjaribu hubisha hodi. Anayefungua mlango ni mwenye nyumba.

Angalia pia Bwana Yesu alivyozikumbuka siku za Nuhu katika Mathayo 24. Hakusimulia majitu. Alitaja watu waliokuwa wakila, wakinywa, wakioa na kuolewa, wasitambue kitu mpaka gharika ikaja. Walikuwa watu wa kawaida, kama wewe na mimi.

Ndugu msomaji, wiki hii kuna mtu uliyemkosea. Unapokwenda kwake, mwache shetani nje ya maelezo yako. Daudi alipokabiliwa na Nathani hakutaja pepo wala hakumtaja mwanamke. Alikiri kuwa yeye ametenda dhambi, akasamehewa. Sema "nimekosa". Kama ni fedha, rudisha. Kama ni mkono uliouinua, omba msamaha na ukome. Neema ya Kristo ni kwa wenye dhambi, na anayesema dhambi si yake ataomba kusamehewa nini?

Jumapili njema.