Mzee, Umri Wake na Kadi ya Matibabu: Maelezo kwa Watumishi wa Sharika

Utangulizi

Katika miteremko ya Mlima Meru, juu ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, usharika wa Nkoaranga na hospitali ya Kilutheri ya mahali hapo wamekuwa majirani kwa vizazi kadhaa. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo chao hapo mwaka 1902, miaka sita baada ya wenzao Ewald Ovir na Karl Segebrock kuuawa huko Akeri. Tangu siku hizo watu wa upande huu wamezoea kumwona mhubiri na mganga wakitoka katika nyumba moja. Ndiyo maana mchungaji wa leo huulizwa maswali ambayo hayamo katika kitabu cha ibada: Je, mzee aliyetimiza miaka 60 hutibiwa bure? Je, mstaafu huendelea na bima yake? Mjane mwenye shamba dogo la migomba na kahawa ajiunge na mpango gani?

Jibu lisilo sahihi huwa na gharama yake. Mzee akiambiwa kwamba hatadaiwa kitu, kisha akadaiwa, atarudi nyumbani na ugonjwa wake, na safari nyingine hatakwenda. Katika makala haya tunakusudia kueleza ni nani anayestahili, njia zilizopo ni zipi, na kwa nini jambo hili ni la kidiakonia wala si la ofisi za serikali peke yake.

Umri peke yake hautoshi

Tukumbuke kwanza historia. Tangu uhuru hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, matibabu katika vituo vya serikali yalitolewa bila malipo. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa uchangiaji wa gharama, na pamoja nao misamaha kwa makundi maalumu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Msamaha wa matibabu ulikusudiwa mzee asiye na uwezo wa kulipa, si kila mwenye miaka 60. Kuna basi masharti mawili, yaani umri na kutokuwa na uwezo, na yote mawili yanahitaji kuthibitishwa. Uthibitisho huanzia chini, kwa uongozi wa kitongoji na kijiji, ukapita kwa afisa ustawi wa jamii hadi halmashauri. Mzee anayefika dirishani bila kutambuliwa mapema huenda akaambiwa alipe, hata kama kila jirani anajua kuwa hana kitu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 kwa ajili ya Tanzania Bara, imefuata mkondo huo huo. Inaweka wajibu wa kila mkazi kuwa na bima, na inaweka utaratibu wa serikali kuwagharimia wasio na uwezo baada ya kutambuliwa. Neno lenye uzito hapa ni kutambuliwa. Asiyeandikwa hahesabiwi.

Tuongeze neno kuhusu hospitali za kanisa. Msamaha ulitungwa kwa ajili ya vituo vya umma. Serikali na makanisa walitia sahihi hati ya maelewano mwaka 1992 kuhusu huduma za jamii, lakini hati hiyo haikufanya kila hospitali ya kanisa kuwa ya bure. Hospitali hupokea bima au msamaha kwa kadiri ya mkataba iliyo nao. Basi mzee aulize mapema ni vituo gani vinavyopokea hati yake, iwe ni hospitali ya wilaya, ya mkoa, au ya kanisa.

Njia za kuingia katika bima

Kwa mzee wa kijijini tunaweza kutaja njia nne.

Ya kwanza ni ya mstaafu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukiwahusu kwanza watumishi wa serikali. Mchango wake ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri na nusu na mtumishi. Mwanachama anayestaafu kwa kutimiza masharti ya Mfuko huendelea kutibiwa pamoja na mwenzi wake. Asidhani kwamba mambo yatajipanga yenyewe siku ya kustaafu. Ni vema afuatilie kadi yake akiwa bado kazini.

Ya pili ni ya kupitia kwa mtoto. Katika Mfuko huo huo, mtumishi ameruhusiwa kuandikisha mwenzi na wategemezi wasiozidi wanne, na miongoni mwa wategemezi hao wamo wazazi wake na wazazi wa mwenzi wake. Kwa kuwa mchango wa mtumishi ni sehemu ya mshahara, kumwandikisha mama hakuongezi makato. Ni familia ngapi zenye mwalimu au muuguzi ambazo mama yao hana kadi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza?

Ya tatu ni ya kaya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga katikati ya miaka ya 1990, ukatungiwa sheria mwaka 2001, na mwaka 2018 ukaanzishwa upya kwa sura iliyoboreshwa. Kaya ya watu wasiozidi 6 ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zilianzia zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa kufuata rufaa. Mabadiliko yaletwayo na sheria ya mwaka 2023 yanagusa mpango huu, lakini msingi wa kaya umebaki kuwa fundisho: bibi anayeishi na wajukuu huingia pamoja nao.

Ya nne ni ya mtu binafsi kununua kifurushi. Mwaka 2019 Mfuko wa Taifa ulitangaza vifurushi vitatu, Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, ambavyo bei zake zilianzia shilingi 192,000 hadi 984,000 kwa mwaka kwa kufuata umri na upana wa huduma. Majina na bei za vifurushi hubadilika. Kwa hiyo mtu asilipe kwa kusikia, bali aulize kwanza katika ofisi ya Mfuko mjini Arusha. Aulize mambo matatu: kadi itaanza kutumika lini, ni hospitali zipi zinaipokea, na ni maradhi gani yana kipindi cha kungoja. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari hana budi kujua jibu la swali la tatu kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini mzee hudaiwa zaidi

Wengi huona kuwa ni dhuluma mzee kutozwa zaidi ya kijana. Lakini bima ya hiari ina udhaifu wake: anayejiunga haraka ni yule anayejua kuwa ataugua. Wagonjwa wakiwa wengi na wazima wachache, fedha hukauka, bei hupanda, na wazima waliobaki huondoka. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2023, usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi uliposimamishwa. Dawa yake ni kuwaingiza watu wote pamoja, kijana na mzee, mzima na mgonjwa, ili mmoja abebe mzigo wa mwingine. Hilo ndilo kusudi la sheria ya mwaka 2023.

Kwa Mlutheri wazo hili si geni. Mwaka 1523 waumini wa mji mdogo wa Leisnig, si mbali na Leipzig, waliweka hazina ya pamoja, na Martin Luther akaiandikia dibaji kanuni yake. Ilisimamiwa na watu 10 kutoka kwa waungwana, baraza la mji, wenyeji na wakulima. Kutoka humo walitunzwa mchungaji, shule, yatima, na wazee wasiojiweza. Hazina hiyo ilipata taabu baraza la mji lilipokataa kukabidhi mali iliyoahidiwa. Tunajifunza mambo mawili: kwamba kumtunza mzee ni kazi ya jumuiya nzima, na kwamba kanuni nzuri bila fedha iliyokabidhiwa hubaki karatasi.

Wajibu wa usharika

Wapo wanaosema kuwa kulipia bima ni kujitabiria ugonjwa. Tuwajibu kwa upole kwamba anayeweka akiba ya mbegu hajitabirii njaa. Matendo 6:1-6 inaonyesha kwamba wajane walisahauliwa katika huduma ya kila siku si kwa sababu mitume hawakuwa na imani, bali kwa sababu hapakuwa na utaratibu. Na Kanisa likaweka watu wa kuusimamia. Tena Bwana wetu, katika Marko 7:9-13, anawakemea wanaotumia sadaka kuwa kisingizio cha kuwanyima wazazi.

Usharika unaweza kufanya nini? Kwanza, ufungue vitabu vyake vya ubatizo. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na cheti cha ubatizo ni miongoni mwa hati zinazosaidia katika usajili wa vizazi uliochelewa. Mstari mmoja ulioandikwa na katibu wa usharika miaka 70 iliyopita unaweza leo kumpatia mzee haki yake. Pili, kila mtaa uwe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na mzee wa kanisa awasindikize kwa mtendaji na kwa afisa ustawi wa jamii. Tatu, usharika ujiulize kuhusu wainjilisti wake: wanaozeeka katika utumishi wana kadi gani?

Hitimisho

Katika vijiji vyetu vyama vya kufa na kuzikana vina nguvu. Mzee akifariki, fedha ya jeneza, turubai na chakula hupatikana kwa siku mbili, na hakuna anayeuliza kama marehemu alistahili. Desturi hiyo ni njema, wala hatusemi iachwe. Lakini mara nyingi fedha iliyochangwa msibani ingetosha kuilipia kaya yake bima kwa miaka kadhaa. Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama wakiwa hai. Basi mchungaji anapotembelea nyumba ya mzee, baada ya neno na sala, asione haya kuuliza: Mama, kadi yako ya matibabu iko wapi? Kama haipo, ziara yake haijakwisha.