Bei ya Taa Moja Kileleni mwa Mlingoti

Mwenye mashua ya matanga anayepokea hesabu ya fundi umeme kwa mara ya kwanza hushtuka. Taa ya kileleni mwa mlingoti haiwaki. Taa yenyewe ameiona dukani na bei yake anaijua. Iweje basi karatasi ya fundi ioneshe pesa inayotosha kununua taa kadhaa za namna hiyo? Wengi humalizia hapo kwa kusema fundi ana tamaa, kisha humwita kijana anayefunga umeme wa nyumba mtaani.

Mimi kazi yangu ni umeme wa vyombo vya majini, na naomba nifasiri ile karatasi. Kwenye bandari nyingi za Marekani, saa moja ya fundi wa aina hii hutozwa kati ya dola 100 na 200. Mtwapa, Kilifi, Tanga au Msasani viwango viko chini ya hapo, ila hesabu hujengwa vivyo hivyo: vifaa ni sehemu ndogo, saa za kazi ndizo zinazokula pesa. Na saa hizo haziendi kwenye kufunga taa. Huenda kwenye kuifikia.

Chukua mashua ya mita 11, mlingoti wake ukipanda mita 15 hivi juu ya sitaha. Mtu mmoja hupandishwa kwa kiti na kamba, mwingine hushika kamba chini na haondoki hapo mpaka mwenzake ateremke salama. Kwa hiyo unalipa watu wawili. Chombo kikiwa kwenye nanga, kila wimbi dogo la chini huwa ni bembea kubwa kule juu, ndiyo maana kazi hii hufanywa alfajiri, kabla kusi haijaanza kuvuma kwa nguvu. Waya umepita ndani ya bomba la alumini la mlingoti. Ukitaka kuubadilisha, unaufunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani na kuvuta polepole, na ukikwama au ukikatika katikati, asubuhi yote imekwenda.

Tena mara nyingi taa haina kosa lolote. Ugonjwa uko chini, pale waya unapotoka kwenye mlingoti na kuungwa na waya wa ndani ya chombo, karibu na ngama. Maji ya chumvi hukusanyika hapo, shaba ikaota ukungu wa kijani, umeme ukashindwa kupita. Fundi makini huanzia hapo, akiwa na mita mkononi, kabla ya kumpandisha mtu yeyote juu. Anayeanza kwa kununua taa mpya anakuuzia kubahatisha.

Taa hiyo si pambo. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 zinaruhusu mashua inayokwenda kwa tanga, yenye urefu chini ya mita 20, kuweka rangi zote tatu, nyekundu, kijani na nyeupe, ndani ya taa moja kileleni. Ni ruhusa nzuri, kwa sababu taa hukaa juu, mbali na tanga na rasharasha za mawimbi. Lakini ikizimika, zote tatu zimezimika kwa pamoja. Meli ya mizigo inayokaribia Mombasa usiku haitaiona mashua hiyo kwa macho.

Sasa tuje kwenye waya, maana hapa ndipo fundi wa nyumba hupotea njia. Nyumbani umeme ni wa volti 230 au 240. Mashuani, mara nyingi ni 12 tu. Volti zikiwa chache, kazi ile ile huhitaji ampea nyingi, na ampea nyingi zikipita kwenye waya mwembamba hupoteza nguvu njiani. Balbu ya zamani ya wati 25 huvuta ampea 2 hivi. Kutoka kwenye ubao wa swichi hadi kileleni ni kama mita 20, na umeme lazima urudi, kwa hiyo hesabu ni mita 40. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5, ambao nyumbani hutosha kabisa kwa taa, karibu volti 1 hupotea njiani. Kwenye volti 12 hiyo ni asilimia 8, na balbu ya nyuzi ikipungukiwa kiasi hicho hupoteza karibu robo ya mwanga wake. Baraza la Boti na Yoti la Marekani, ABYC, lililoundwa 1954 na ambalo miongozo yake mafundi wa nchi nyingi huifuata, linataka upotevu kwenye taa za usafiri usizidi asilimia 3. Ili kufika hapo unahitaji waya wa milimita za mraba 4.

Kwenye mashine ya kuvuta nanga mambo ni makubwa zaidi. Mashine ya wati 1,000 ingevuta ampea 4 tu kwenye umeme wa nyumbani. Kwenye volti 12 huvuta zaidi ya 80. Betri ikiwa mita 10 kutoka omoni, utahitaji kebo ya milimita za mraba 35, kwenda na kurudi, yaani kilo 6 za shaba tupu kwa ajili ya kifaa kimoja. Na shaba hiyo haifai kuwa ya kawaida. Waya wa majini husukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba ili usivunjike kwa mitikisiko, na kila uzi hupakwa bati ili chumvi isiule. Maduka mengi ya umeme mijini kwetu hayauweki. Huagizwa, na bei yake ni mara kadhaa ya ule wa ukutani. Miungo yake hubanwa kwa koleo maalumu lisiloachia mpaka limebana sawasawa. Lehemu peke yake haikubaliki, kwa kuwa pale inapoishia waya hukakamaa na kuvunjika, na muungo ukipata moto lehemu huyeyuka.

Ukiona kwenye karatasi ya fundi mstari wa waya uliopakwa bati na mstari wa fyuzi, usiifute. Hapo ndipo wengi hupunguza, na hapo ndipo moto huanzia. Betri ya kawaida ya risasi ya ampea-saa 100, ikipigwa shoti, inaweza kutoa ampea zaidi ya 1,000 kwa muda mfupi. Waya usio na fyuzi hugeuka jiko ndani ya kuta za fibaglasi au mbao. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, ndiyo maana hukaa karibu kabisa na betri. Mwongozo wa ABYC unataja inchi 7, yaani kama sentimita 18, kwa hali nyingi. Nimeona vyombo vyenye friji, redio na rada nzuri ambavyo kati ya betri na ubao wa swichi havina fyuzi hata moja. Mwenye chombo alilipia vinavyoonekana.

Kuna fedha inayookolewa kihalali, na taa za LED ni mfano mzuri. Usiku wa pwani yetu ni wa saa 12 mwaka mzima. Balbu ya wati 25 ikiwaka usiku kucha hula ampea-saa 25, na betri ya risasi ya 100 haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu. Kwa hiyo taa moja imemaliza nusu ya akiba yako. Taa ya LED ya wati 2 au 3 haizidi ampea-saa 3, na ule waya mwembamba wa zamani, ukiwa bado mzima, hutosha. Ila usinunue ya bei ya kutupa. Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba baadhi ya taa za LED huvuruga redio za VHF pamoja na AIS, mfumo wa vyombo kutambuana, na antena ya redio ipo kileleni, pembeni mwa taa hiyo hiyo.

Betri za lithiamu nazo zimeleta maumivu mapya. Mtu huona bei yake imeshuka, hununua mbili, kisha humwomba fundi "azibadilishe tu." Hakuna kubadilisha tu. Betri ya lithiamu hupokea umeme bila kujizuia, na alteneta ya kawaida ya injini haikuundwa kutoa nguvu zake zote kwa saa nzima, kwa hiyo hupata moto hadi kuungua. Kompyuta ndogo inayoilinda betri ikikata umeme ghafla injini ikiwa inachaji, volti huruka na kuua alteneta pamoja na vifaa vingine. Inahitajika chaja ya kukaa kati ya alteneta na betri, fyuzi yenye uwezo wa kukata mkondo mkubwa, pengine na kebo mpya. Gharama ya vitu hivyo na kazi yake huweza kuipita bei ya betri zenyewe. Fundi anayekuambia hivyo kabla hujanunua amekufanyia wema.

Kuhusu kutafuta hitilafu, nasema wazi: fundi mkweli hawezi kukupa bei kamili ya ugonjwa asioujua. Anachoweza ni kukubaliana nawe idadi ya saa, akifika hapo asimame akueleze alichokiona. Kubali utaratibu huo. Wewe nawe unaweza kupunguza saa zake bila kugusa waya. Toa magodoro, masanduku na vyakula kwenye makabati kabla hajafika, fungua mbao za sakafu, andika orodha ya vifaa vyote na wati zake, eleza tatizo lilianza lini na baada ya nini. Saa ambayo fundi anahamisha mitungi yako ya gesi inalipiwa sawasawa na saa anayopima betri.

Pesa ikiwa haba, mimi huwashauri wateja waanzie kwenye betri: fyuzi na swichi kuu. Kisha pampu ya ngama, iungwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikizimwa na watu wameteremka pwani. Halafu taa za usafiri. Friji na inveta vingoje.

Haya yanawahusu pia wenye majahazi ya utalii wa Lamu na Unguja wanaofunga sola, taa na spika kwenye vyombo vilivyokwenda vizazi na vizazi bila waya hata mmoja. Mbao kavu na betri isiyo na fyuzi, juu yake abiria ishirini, ni hatari isiyostahili kuvumiliwa kwa sababu ya kuokoa siku moja ya fundi. Kabla ya kumlipa yeyote malipo ya mwisho, mdai vitu vitatu: mchoro wa nyaya zote, lebo kwenye kila waya, na kipimo cha volti kilichochukuliwa kwenye taa ya mbali zaidi ikiwa inawaka. Akishindwa kukupa, kazi haijaisha.