Paka Hakutajwa Katika Mkataba

Binti wa miaka tisa, mwanafunzi wa madrasa yetu hapa Moshi, alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutawanyika, akamwuliza ustadhi wake: je, baba yangu ataingia motoni kwa ajili ya paka? Ustadhi alimtuliza kwa maneno mema, lakini swali lenyewe hakulijibu. Alilileta mbele ya kamati ya msikiti baada ya sala ya Isha, na hakuna hata mmoja wetu aliyelicheka.

Kisa chenyewe tunakisimulia kwa idhini ya wahusika, bila ya kutaja majina. Familia hiyo iliteremka mjini kutoka Old Moshi kutafuta riziki, ikapanga chumba na sebule katika nyumba yenye wapangaji sita na ua mmoja. Kodi ya miezi sita ililipwa kwa mkupuo, na dalali akapata ujira wake. Katika mazungumzo hayo yote, paka hakutajwa. Aliingia siku ya kuhamia, ndani ya boksi, pamoja na masufuria.

Mwezi wa tatu yakazuka manung'uniko. Vifaranga vya jirani vilikuwa vikipotea, na mtoto wa chumba cha pili, mwenye ugonjwa wa pumu, alikuwa akibanwa na kifua kila paka alipolala mlangoni kwao. Mwenye nyumba, mzee wa heshima zake, akatoa kauli: ama aondoke paka, ama waondoke wenyewe. Baba wa familia hakuwa na fedha ya kuanza upya mahali pengine. Usiku akamtia paka kwenye kiroba, akapanda bodaboda, akamwachia sokoni. Juma lile lile, somo la madrasa likawa ni hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia.

Kutoka kihambani hadi chumba cha kupanga

Sisi wa Kilimanjaro tumelelewa na wanyama. Katika nyumba za msonge za zamani, ng'ombe na mbuzi walilala chini ya paa moja na watu. Hata leo, huko kihambani, ng'ombe hulishwa zizini kwa majani na magogo ya migomba, samadi yake hurudi kwenye migomba na mibuni, kuku hujitafutia chini ya kivuli, na paka hulinda ghala. Hakuna anayeomba ruhusa ya kumfuga, kwa kuwa ardhi ni yake na jirani yuko ng'ambo ya ua wa masale.

Mjini mambo ni mengine. Ukuta wa chumba chako ndio ukuta wa mwenzako. Bomba la maji ni moja, kamba ya kuanikia nguo ni moja, na mkeka unaosaliwa barazani mnyama aweza kuupitia wakati wowote. Mazoea ya kihambani tukiyahamishia mjini kimyakimya, hugeuka kuwa dhuluma bila ya sisi kukusudia.

Dini imeliweka wapi jambo hili

Kufuga paka hakuna ubaya. Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa paka si najisi, bali ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani mwetu. Sahaba Abu Huraira (r.a.) alijulikana kwa jina la kumnasibisha na paka mdogo. Mdogo wake Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na kijidege, na Mtume (s.a.w.) alimtania mtoto huyo kwa upole kuhusu ndege wake. Tena tunafundishwa kuwa yuko mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Lakini dini hiyo hiyo imetuamrisha kutimiza mikataba, na amri hiyo ndiyo iliyotangulizwa mwanzoni mwa Suratul Maida. Imetufundisha kuwa Waislamu hufungwa na masharti waliyokubaliana. Na haki ya jirani ilisisitizwa mno, kiasi cha Mtume (s.a.w.) kudhani kuwa jirani atafanywa mrithi.

Kwa hiyo haki zilizogongana katika ua ule zilikuwa tatu: ya mnyama, ya mwenye nyumba, na ya jirani mwenye mtoto mgonjwa. Zote ni haki. Tulipolipima shauri, tuliona kosa halikuanza usiku wa kiroba. Lilianza siku ya kulipa kodi, pale baba aliponyamaza kwa kuchelea kunyimwa chumba. Mwenye nyumba naye hakuuliza lolote zaidi ya fedha. Kimya cha watu wawili kilimwangukia kiumbe asiyeweza kusema.

Vipi kuhusu mbwa?

Suala la mbwa hutufikia kwa sura mbili. Wapo wapangaji wanaotaka kumleta mbwa wa ulinzi, na wapo wanaohamia kwenye nyumba ambayo mwenyewe anafuga mbwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wafuasi wa Imam Malik wana mtazamo mwepesi zaidi. Ama kumfuga, ruhusa imekuja kwa ajili ya uwindaji, mifugo na shamba, na wanazuoni wengi wamekisia juu yake ulinzi wa nyumba. Kumfuga kwa fahari tu, katika ua wa watu sita, hakuna udhuru.

Kwa anayehamia, swali la kuuliza ni jepesi na wengi hulisahau: mbwa hufunguliwa saa ngapi, na hufungwa saa ngapi? Wako ndugu zetu waliokosa sala ya Alfajiri ya jamaa kwa miezi kadhaa, kwa kuwa mbwa wa mwenye nyumba huwa bado analinda geti. Neno moja siku ya kwanza lingetosha kuliondoa tatizo hilo.

Kabla ya kutoa fedha

Tunawausia wazazi mambo manne.

Kwanza, mtajeni mnyama kabla ya kulipa, na mmwambie mwenye nyumba mwenyewe, kwa kuwa dalali akishapata ujira wake hana dhamana tena. Afadhali kunyimwa chumba leo kuliko kufukuzwa baada ya miezi mitatu.

Pili, andikeni. Sentensi mbili zinatosha: mpangaji anaruhusiwa kukaa na paka mmoja, atasafisha uchafu wake na kulipa atakachoharibu. Wekeni sahihi, na shahidi awepo. Uandikishaji wa madeni tumeusiwa katika Suratul Baqara. Makubaliano ya nyumba nayo yanastahiki uangalifu huo huo.

Tatu, mpelekeni mnyama akachanjwe. Kichaa cha mbwa huua, na paka pia aweza kukiambukiza. Afisa mifugo wa kata atawaelekeza, na kadi ya chanjo mkononi humtoa mwenye nyumba wasiwasi. Mtu yeyote akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona kama mnyama ataugua.

Nne, mkishindwa kukaa naye, mtafutieni mlezi: ndugu wa kihambani, mwenye duka la nafaka, au jirani mwenye nafasi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na dini yetu ilitangulia kuukataza karne nyingi kabla yake.

Kwa wenye nyumba tuna ombi moja. Ni haki yenu kukataa mnyama katika mali yenu, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini semeni mwanzoni, na ikibidi kumtoa, toeni muda. Wiki mbili za subira zingemwokoa yule paka, zingemwokoa na yule baba.

Jibu la swali la mtoto

Sisi wanakamati si mamufti, na mambo ya moto na pepo yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake. Tulimweleza baba kuwa yule mwanamke wa kwenye hadithi alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Yeye hakufanya hivyo, lakini aliitupa amana, na mlango wa toba uko wazi kwa anayerekebisha alichoharibu.

Alikwenda sokoni jioni mbili. Ya kwanza hakumwona. Ya pili alimkuta chini ya meza ya mama mmoja anayeuza dagaa, ameshiba na amezoea. Mama yule alisema panya wamepungua, na kwamba hamtoi. Baba alimshukuru, akarudi hadi madrasani, akamketisha binti yake barazani na kumwambia mambo mawili: kwamba paka yuko salama, na kwamba yeye, baba yake, alikosea.

Ustadhi anatuambia kuwa binti hakuuliza tena kuhusu moto. Alichouliza ni kama wanaweza kumpelekea yule mama dagaa siku za Ijumaa. Wanampelekea.

Wallahu aalam.