Je, Wajua? Swali la Mbunge Linatoka Kwenye Katiba

Je, wajua kwamba kero ya Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida, inaweza kumlazimu Waziri kutoa maelezo mbele ya taifa? Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali hupelekwa mapema kwa maandishi, wizara huandaa jibu, na likishasomwa bungeni Dodoma, mwulizaji huweza kuuliza maswali ya nyongeza.

Wapo wasemao utaratibu huu hauna meno, kwa sababu jibu la “kadiri fedha zitakavyopatikana” halijengi zahanati wala halichimbi kisima. Ni kweli, na inauma. Fedha hupitishwa kwenye bajeti, si kwenye kipindi cha maswali. Lakini jibu hilo huingia katika Hansard, taarifa rasmi ya Bunge, likiwa na tarehe na jina la aliyelitoa. Waziri akitaja kiasi cha fedha au mwaka wa kukamilisha jengo, tuseme la hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mandewa, mbunge yeyote, hata wa jimbo jingine, anaweza kumrejesha kwenye maneno yake bajeti ijayo. Ndiyo maana swali linalotaja kata, mradi na kiasi lina uzito kuliko lile la “Serikali ina mpango gani?”, ambalo Waziri hulimaliza kwa kusema mpango upo.